Kuhe Aliyeliwa na Washenga

Tangu nirudi, wengi wenu mmepita ofisini kwangu Ng'ambo, hapa Tabora, na kuniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, mdogo wako ameshinda? Nimewajibu kwa ufupi usiotosheleza, na najua baadhi yenu mmeondoka mkidhani naficha aibu ya wakili aliyeshindwa ugenini. Sikushindwa. Naandika haya yote mara moja ili mjue kilichotokea, na ili nisilazimike kulisema jina la Bonifasi kila siku kabla ya chai ya saa nne.

Kwa wasiojua chanzo: mdogo wangu Veronika aliolewa miaka mingi iliyopita katika kijiji kilicho kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Ujiji. Ni mjane sasa, na anaishi kwa kipe kimoja, yaani mashua ya kuvulia, alichoachiwa na marehemu mumewe. Karibu na kijiji hicho kuna ghuba ndogo ambayo wanakijiji wameifunga mwaka mzima kwa sababu ni mazalia ya samaki. Veronika alivua humo samaki mmoja. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwaloni, pale vipe vinapoegeshwa, aliyemsalimia, hakuna mvuvi aliyekubali kupanda kipe chake, na binti yake Yustina, aliyekwisha kuchumbiwa, hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwimbia harusini. Veronika alinipigia simu akasema, "Kaka, wewe ni mwanasheria. Njoo uivunje hiyo sheria, la sivyo nitahama."

Sheria yenyewe iliandikwa na Bonifasi. Mimi na Bonifasi tulisoma sheria pamoja na tulikaa dawati moja. Alipata alama za wastani, akarudi kwao ziwani. Mimi nilipata alama nzuri nikarudi Tabora, ambako nimesoma karibu kila kilichoandikwa juu ya ulinzi wa bahari na maziwa, nikiwa nimekaa katika mji ambao maji ya chumvi yaliyo karibu nao zaidi ni ya visima vya Uvinza. Mnakumbuka niliwahi kuandika sheria ndogo kwa ajili ya bwawa la kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Ilikuwa na vifungu vingi na jedwali la faini, na ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Watu waliisoma vizuri sana, kisha wakaenda kuvua vifaranga kwa vyandarua.

Sheria ya Bonifasi ina vifungu vitatu. Cha kwanza kinafunga ghuba. Cha pili kinasema atakayevua humo asisalimiwe na mtu yeyote. Cha tatu kinasema ataanza kusalimiwa siku atakapoingia mtumbwini kuilinda ghuba hiyo mpaka vifaranga wa msimu ule wakue na kutawanyika. Sheria hii inatiiwa. Naomba mwelewe uzito wa neno hilo kwa mtu wa kazi yangu.

Tabora hadi Nguruka

Gari moshi liliondoka likiwa limechelewa, kama ilivyo ada, na mimi sikulalamika. Nilikuwa na vitabu vyangu na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo mke wangu huamini ndivyo chakula pekee kisichoweza kumdhuru msafiri. Tulipita Urambo, mashamba ya tumbaku yakiwa yamekwisha kuvunwa, na baada ya Kaliua miombo ilianza kutufuata pande zote mbili. Babu wa baba yangu aliipita njia hii kwa miguu, mzigo begani, kuelekea Ujiji. Kila mtemi aliyempita alikuwa na sheria yake, na kila sheria ilikuwa na hongo yake. Nilikuwa nikiwaza jambo hilo wakati mama mmoja mnene aliyeketi mbele yangu, na magunia ya karanga miguuni, alipoamua kuwa nimenyamaza vya kutosha.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mama."

Aliitwa Mama Shida. Hununua karanga Tabora akauza Uvinza, na kutoka Uvinza huleta chumvi. Aliniuliza ninakofika.

"Kigoma," nikasema, "halafu kusini kidogo, kwa mdogo wangu."

"Kusini kule kwa wakili wa samaki?"

"Namfahamu. Tulisoma pamoja."

"Kumbe. Sasa unakwenda akufundishe?"

"Mimi pia ni wakili, mama."

"Nimesikia. Kujifunza hakuna umri."

Akatoa karanga akanimiminia kiganjani, kana kwamba alikuwa amenifariji. Kisha akanieleza, kwa ufasaha ambao haukuombwa, jinsi Bonifasi alivyozungumza na wanakijiji kwa miezi mingi kabla ya kuandika neno lolote, jinsi samaki aina ya migebuka walivyoongezeka katika maji ya jirani, na jinsi watu wa vijiji vingine wanavyokwenda kumwuliza. Nilimuuliza kama aliwahi kufika huko. Hakuwahi. Sifa za mtu huyu zilikuwa zimepanda gari moshi zenyewe, bila tiketi, na kunisubiri katika behewa langu.

Nguruka, palipojaa maji

Mvua ya siku zilizotangulia ilikuwa imemwaga maji juu ya reli mbele yetu, kuelekea Malagarasi, tukaambiwa tusubiri Nguruka yapungue. Tulisubiri siku ile na sehemu kubwa ya siku iliyofuata. Abiria walishuka, mafiga yakawekwa, na stesheni ikageuka jiko. Wanawake wa pale walileta kambare wa kubanikwa kutoka mabwawa ya karibu. Mama Shida alisonga ugali kwa sufuria ya kuazima, akanisukumia upande wangu kabla sijaombwa kuchanga chochote.

Katika mduara wetu aliketi mfugaji mmoja wa Igunga, mwembamba, mwenye fimbo aliyoilaza mapajani wakati wote wa kula. Mama Shida alimweleza kuhusu ghuba na adhabu ya kutosalimiwa. Yule mfugaji alicheka mpaka akaweka tonge chini.

"Hiyo adhabu ni yetu," alisema. "Sungusungu walipoanza kwetu, mwizi akikataa kutubu ananyimwa salamu. Anapita na shikamoo yake, hakuna wa kuipokea. Wengine waliomba wachapwe tu. Huyo Muha ameitoa wapi?"

Nilijua alikoitoa. Aliitoa kwangu. Tulipokuwa wanafunzi nilimsimulia, tukila wali wa chuo, jinsi bibi yangu wa upande wa Nzega alivyosusiwa na kijiji kizima kwa kumficha mpwa wake aliyeiba ng'ombe, na jinsi alivyosema kwamba kilichomuuma si njaa wala hofu, bali kuamka asubuhi na kupita mbele za watu kama moshi. Bonifasi aliacha kula akaniomba nirudie. Nilirudia. Mimi nilikuwa nayo hadithi hiyo tangu utotoni, na nilipofika kwenye bwawa langu nikaandika faini.

Sikumwambia mfugaji hayo. Nilisema kwamba kanuni hukopwa kutoka jamii moja hadi nyingine, na hivyo ndivyo sheria zote za dunia zilivyokua, za bahari zikiwa miongoni mwao. Ni kweli, na ilinichoma kooni kuliko miiba ya kambare.

Uvinza hadi Ujiji

Maji yalipopungua, gari moshi lilitambaa kama mtu anayepapasa gizani, ingawa ilikuwa mchana. Mama Shida alishuka Uvinza na magunia yake. Aliniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yote miwili akasema, "Mpe salamu zangu wakili." Nilipouliza yupi, aliniangalia kwa huruma ya kweli.

Kigoma sikukaa. Nilichukua gari la abiria hadi Ujiji, na kutoka hapo bodaboda kwa njia ya vumbi jekundu, ziwa likionekana na kupotea kati ya michikichi. Kwa mtu aliyelisoma ziwa kwa miaka bila kuishi kando yake, kuliona ni sawa na kukutana na mke wa rafiki yako ambaye umesimuliwa uzuri wake. Unamsalimia kwa adabu, na unajiuliza rafiki yako alifanya nini kustahili.

Mwaloni

Veronika alinipokea barabarani, tukashuka pamoja kuelekea kwake. Nilisalimia kila tuliyepishana naye, kama tulivyolelewa. Hakuna aliyeitikia. Mzee aliyekuwa akishona wavu aliinamisha kichwa. Wanawake waliokuwa wakianika mihogo walitazama mihogo. Nilikuwa nimechoka, na niliona hayo kuwa ni dharau kwa Wanyamwezi. Kwa hiyo dada mmoja mwenye genge la chai aliponipa maji bila kufungua kinywa, nilimsomea somo fupi la adabu na ukarimu, kwa lugha kali kidogo. Macho yake yalijaa machozi. Alisubiri mpaka Veronika alipotangulia hatua kadhaa, ndipo akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Ukiwa peke yako nitakusalimia kila siku. Ukiwa naye siwezi, salamu ingemgusa na yeye."

"Marahaba," nikasema.

Yule dada alikuwa amekataa kunisalimia huku akiumia. Hakuna askari aliyekuwa karibu. Sijawahi kumwona mtu akiitii sheria yangu hata moja kwa machozi.

Nyumbani kwa Veronika tulikula ugali kwa maharage yaliyoungwa kwa mawese. Yustina, mpwa wangu, alinawisha mikono yangu akiwa ameinama.

"Utusamehe, mjomba. Hapa hakuna anayetuuzia samaki. Tunanunua mjini, na leo hatukupata nafasi."

Ndipo Veronika aliponieleza kisa chenyewe. Mchumba wa Yustina ni kijana wa Nzega. Washenga wake walipotaka kuja, walifanya kama tunavyofanya sisi watu wa bara: walichagua siku za mbalamwezi, ili njia ionekane na ngoma ichezwe nje. Hawakujua kwamba ziwani mbalamwezi ni njaa. Dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa usiku wa kiza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, vipe hukaa mchangani, na mwaloni hakuna cha kununua. Washenga walifika wakiwa na hamu ya samaki wa ziwa, wakakuta kijiji cha wavuvi kikila maharage.

"Mmoja wao akatania," Veronika alisema. "Akasema, huku kwenu maji ni ya kuangalia tu? Wenzake wakacheka. Kaka, nilijisikia uchi. Mgeni wa posa umlishe maharage mbele ya ziwa? Nikawatuma vijana wangu wawili ghubani na wavu. Wakaleta kuhe mmoja, mkubwa hivi." Akanyoosha mkono hadi kiwikoni. "Washenga walikula mpaka wakalamba vidole. Posa ikapita. Asubuhi watu wakaona magamba."

"Na kwa nini hukuingia mtumbwini kulinda, ukamaliza adhabu?"

"Kwa samaki mmoja? Nikae juani kutwa kama mwizi, watu wananitazama? Sikumuuza. Nililisha wageni. Waivunje. Wewe ivunje."

Nilimwambia kwamba kuivunja ni kazi nyepesi kuliko anavyodhani. Sheria ndogo ya kijiji, hata ikipitishwa na mkutano mkuu kwa vifijo, haina nguvu mpaka iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Nilikuwa nimeulizia kabla ya kuondoka Tabora, na hii haikuwa imeidhinishwa. Kwa mujibu wa sheria za nchi, Veronika hakuwa amevunja chochote ambacho Bonifasi alikiandika. Mdogo wangu alinishika mkono na kulia kwa furaha. Nami nilifurahi. Sehemu ya furaha yangu haikumhusu yeye.

Kwa Bonifasi

Nilimwendea siku iliyofuata, kwa kuwa si vema kumshambulia mtu kwa kumvizia. Nilimkuta kwenye benchi mbele ya nyumba yake, suruali imekunjwa hadi magotini, mvi zimemkaa vizuri kuliko zangu.

"Karibu, mpagazi," aliita. "Babu zenu walileta hapa mizigo ya watu. Wewe leo umebeba nini?"

"Nimebeba sheria za watu, kwa kuwa zako hazijakamilika."

Alicheka, akaninyooshea kigoda. Kila aliyepita alisimama kumsalimia. Wengine hawakuwa na shida yoyote. Walitaka tu kumsalimia. Nilihesabu salamu tano kisha nikajikataza kuhesabu. Nilimweleza nitakachosema mkutanoni, kifungu kwa kifungu.

"Ni kweli," alisema. "Tumewaandikia halmashauri, na hatujajibiwa. Ukisimama ukasema hivyo, nami nitasimama niseme umesema kweli."

"Hutapinga?"

"Nipinge nini? Nimekufahamu tangu ujana, hukosei kwenye vitabu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano usiku kucha ndani ya gari moshi. Kunyimwa mpinzani ni namna ya kudharauliwa, na nilimwambia hivyo. Alisema twende tukatembee.

Alinipeleka kwenye jabali lililo juu ya ghuba. Maji ya ziwa lile ni maangavu, na jua lilikuwa upande wetu. Chini yetu, juu ya mchanga, niliona kitu kama wingu dogo lililokuwa likisogea na kukusanyika. Kulikuwa na samaki wawili wakubwa, warefu, wenye mistari ya giza ubavuni, wakilizunguka. Kila samaki mwingine alipolikaribia wingu, mmoja wao alimfukuza na kurudi.

"Hao ni kuhe," Bonifasi alisema. "Wingu ni watoto wao. Wazee wa hapa husema kuhe huzaa mara moja tu maishani. Akishazaa hali tena vizuri, kazi yake ni hiyo unayoiona, mpaka watoto watawanyike na yeye afe. Sasa tazama kule."

Hatua chache pembeni kulikuwa na shimo la mduara lililochimbwa mchangani, safi, tupu.

"La yule wa washenga?"

"Ndilo. Aliyeliwa ni jike. Dume alibaki peke yake. Alijitahidi siku mbili hivi, samaki wengine wakaingia kutoka kila upande. Siku ya tatu hakukuwa na kitu cha kulinda. Mdogo wako anasema alivua samaki mmoja, na hasemi uongo. Hajui tu alichokivua."

Nilikaa pale muda mrefu. Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa nikiwaza uharibifu wa mazalia, mikataba ya mataifa na wajibu wa kizazi hiki kwa kijacho, mambo niliyoyaandikia na kuyahubiri. Nilikuwa nikiwaza kwamba sheria ya Bonifasi inaonekana. Mtu anaweza kukaa juu ya jabali, akatazama chini, akaiona ikizunguka watoto na kufukuza maadui. Sheria yangu iko katika karatasi mlangoni mwa ofisi, na mchwa wameshaanza upande wa kushoto. Nilimwonea wivu hadi meno yakaniuma. Wivu ni dhambi niliyoikemea kwa wengine mara nyingi, na sitaiita jina lingine kwa kuwa safari hii ni yangu.

Mkutano

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kuanikia dagaa, ambao ulikuwa mtupu kwa kuwa mwezi ulikuwa bado mpevu. Wanaume walikaa juu ya magogo ya kuvutia vipe, wanawake juu ya khanga zao. Veronika alikaa mbele, na pande zote mbili palibaki nafasi ambayo watu watatu wangeenea.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole aitwaye Festo, alieleza shauri, kisha akaniruhusu kusema. Nilisema kwa utaratibu. Nilieleza mamlaka ya mkutano wa kijiji, mipaka ya mamlaka hayo na nafasi ya halmashauri. Nilihitimisha kwamba, mpaka siku ile, ghuba haikuwa imefungwa na sheria ndogo yoyote yenye nguvu, na adhabu aliyopewa Veronika haikuwa na msingi. Sikumtukana mtu. Ilikuwa hotuba nzuri, na naisema hivyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeisema.

Festo alimgeukia Bonifasi. "Wakili wetu?"

Bonifasi alisimama. "Amesema kweli," akasema, akaketi.

Watu walitazamana wasijue wafanye nini na mikono yao. Mzee aliyekuwa akishona wavu siku ile alimuuliza jirani yake, si kwa sauti ndogo kama alivyodhani, "Kwa hiyo tulikuwa tunajinyima bure?"

Ndipo mtu mmoja aliinuka upande wa nyuma. Jina lake ni Gwasa. Ni mwenye kokoro, ule wavu mrefu wa kuburuta unaozoa kila kitu hadi mayai, na ambao umekatazwa na sheria za nchi tangu zamani bila Gwasa kupungukiwa na kitu. Alikuja mbele akitabasamu, wavuvi wake watatu nyuma yake, akasimama mbele ya mdogo wangu.

"Shikamoo, Mama Yustina," alisema kwa sauti ya kufika mbali. "Habari za siku nyingi?"

"Shikamoo, mama," wakasema wale watatu, mmoja baada ya mwingine, wakichekelea.

Hizo zilikuwa salamu za kwanza Veronika kuzisikia mwaloni kwa majuma mengi. Nilimtazama nikitarajia uso wake ufunguke. Aliangalia mikono yake. Hakuitikia. Gwasa aliendelea kusimama, tabasamu likianza kumchosha.

"Mama, nimekusalimu."

"Nimesikia," Veronika alisema. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa bado nimesimama na karatasi zangu. "Kaka, kaa kwanza."

Nilikaa. Yeye akasimama.

"Nilimwita kaka yangu aje aivunje sheria, na ameivunja. Mmemsikia, anajua kazi yake. Majuma yote haya kila nikiamka nilikuwa nawaza ni nani atakuwa wa kwanza kunisalimia. Nilidhani atakuwa Mama Tereza, tuliyezaa mwezi mmoja. Nilidhani atakuwa Festo. Hata siku moja sikudhani atakuwa Gwasa."

Watu wachache walicheka. Gwasa aliangalia pembeni.

"Huyu kesho ataingia ghubani na kokoro. Msibishe, mnamjua. Na atakayeuliza ataambiwa, mlango ulifunguliwa na Mama Yustina. Mwanangu ataolewa, ataondoka hapa na jina hilo. Mimi nitabaki nalo." Alivuta khanga yake begani. "Kuhe nilimvua. Washenga walimla na walishiba. Nipeni mtumbwi."

Festo alisema, "Lakini wakili amesema hulazimiki."

"Ndiyo. Nimesikia silazimiki. Nipeni mtumbwi."

Mwanamke mmoja wa makamo, ambaye baadaye niliambiwa ndiye Mama Tereza, aliinuka kwenye khanga yake, akapita kati ya Gwasa na wenzake kana kwamba ni vichanja, akafika mbele ya mdogo wangu.

"Mwakeye, Vero," alisema kwa Kiha.

"Mwakeye," Veronika akaitikia.

Baada ya hapo waliinuka wote. Walimsalimia mmoja mmoja, watoto kwa wazee, Kiswahili na Kiha, wengine wakimkumbatia Yustina na kumuuliza harusi lini. Mdogo wangu alikuwa ameokolewa na sheria ambayo nilikuwa nimethibitisha, bila kupingwa, kwamba haipo. Nilikusanya karatasi zangu. Bonifasi hakuwa ametamka zaidi ya maneno mawili mkutano mzima.

Siku zilizobaki

Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nisiondoke. Alitaka nimsaidie kuiandika upya sheria ile ili halmashauri isiwe na sababu ya kuikataa, kwa kuwa Gwasa sasa alijua pa kugonga. Nilikubali. Nikae niinyime ghuba haki yake kwa sababu ya moyo wangu? Tulikaa kwenye benchi lake, migebuka wa kukaanga kati yetu, maana kiza kilikuwa kimeanza kurudi na vipe vilikuwa vimeingia majini.

Niliongeza kifungu cha faini. Alikisoma akakikata kwa kalamu.

"Ukiweka faini, Gwasa atalipa asubuhi, jioni atavua ya kurudisha fedha yake."

"Na salamu?"

"Salamu atainunua kwa nani?"

Nilimweleza kwamba kifungu chake cha pili hakitapita popote. Hakuna baraza litakaloidhinisha sheria inayowaamuru watu kunyamaza, na likiidhinisha, mahakama itaitupa. Hapo nilikuwa na haki kabisa, na nilisubiri aone ugumu. Alitafuna, akafikiri, akatoa mwiba mdomoni.

"Basi tukiache nje," alisema. "Tuandike ghuba imefungwa, na atakayevunja atailinda. Kile cha katikati watu wanakijua."

Tukaandika hivyo. Ni sheria safi, fupi, isiyo na ufa, na mkono ulioinyoosha ni wangu. Lakini kile kinachoifanya itiiwe hakimo ndani yake. Siwezi kukinakili nikaja nacho Tabora, wala siwezi kukibandika mlangoni kando ya bwawa langu. Nimejiuliza njia nzima ya kurudi kama kazi yote ya maisha yangu ni kuandika vifungu vya kwanza na vya tatu. Bonifasi, nina hakika, hajawahi kujiuliza swali hilo, na kwa hilo nalo namwonea wivu.

Harusi imesogezwa mbele hadi vifaranga watawanyike. Mtaalikwa.

Siku ya kuondoka, Veronika hakunisindikiza. Alimtuma Yustina aniombe radhi: ilikuwa zamu yake, na kulikuwa na kokoro limeonekana likikaushwa kwenye mwalo wa jirani. Kwetu, kama mnavyojua, kumwacha kaka yako aende barabarani bila kumsindikiza ni jambo la kusemwa kwa miaka. Bonifasi ndiye aliyebeba begi langu, tukapanda njia inayopita juu ya ghuba. Pale kwenye jabali nilisimama. Mdogo wangu alikuwa chini yetu, amekaa peke yake mtumbwini, kitambaa kichwani, kafi juu ya mapaja. Nilimpungia mkono, nikasubiri, nikampungia tena. Hakuinua uso. Alikuwa akitazama maji.